Gofu na Kitabu Chake Kinene: Wasomaji Wanauliza, Tunajibu

Barua za gofu zilizotufikia safari hii kutoka Dodoma, Kondoa, Manyoni na Singida zinazunguka jambo moja, nalo ni kanuni. Wapo wanaoziona ni mzigo, wapo wanaozikosea bila kujua, na wapo walioanza kujitungia za kwao. Kanuni tunazozitaja hapa ni zile zinazotolewa kwa pamoja na vyombo viwili vinavyosimamia gofu, R&A ya St Andrews, Uskoti, na USGA ya Marekani, toleo lililoanza kutumika Januari 2023.

Ndugu wahariri, tupo wanne, wote watumishi tuliohamia Dodoma na ofisi zetu. Jioni tunafanya mazoezi eneo la wazi, na mwisho wa mwezi tunapanda treni kwenda Morogoro kucheza. Mwenzetu mmoja ameshachoka. Anasema kanuni za gofu zimetungwa kwa ajili ya mawakili, si kwa mtu anayetaka kupumzisha akili. Je, ana haki? — Mtumishi, Mtumba

Ana haki nusu, na hiyo nusu tutaifikia. Kwanza tuone kwa nini kitabu ni kinene. Uwanja wa mpira wa miguu ni mstatili tambarare, mpira ukivuka mstari umetoka, basi. Uwanja wa gofu wa mashimo 18 unameza makumi ya hekta, na ndani yake mna miti, makorongo, mchanga, mashimo ya panya, barabara, mabomba ya kumwagilia na mbuzi wa jirani. Kila kitu ambacho mpira unaweza kukiangukia kinadai jibu. Wachezaji wa Leith, jirani na Edinburgh, walipoandika kanuni za kwanza mwaka 1744 walitosheka na 13. Hata hivyo katika hizo 13 tayari mlikuwamo mpira ulioingia majini, mpira uliopotea, na mpira uliozuiwa na mtu, farasi au mbwa. Ugumu haukuletwa na mawakili. Ulikuwa umelala ardhini tangu mwanzo.

Wenye kanuni wenyewe walikiri kwamba mambo yamezidi. Mwaka 2019 kanuni 34 zilipunguzwa zikabaki 24, na mwaka 2023 ikaongezwa ya 25 inayowahusu wachezaji wenye ulemavu. Mengi yaliyokuwa yakiwatesa wachezaji wa kawaida yaliondoka hapo 2019. Bendera inaweza kubaki shimoni wakati unasukumia mpira, na ukiigonga huna adhabu. Ukiugusa mpira kwa bahati mbaya ukiwa kwenye grini, yaani zile nyasi fupi sana zinazozunguka shimo, unaurudisha tu. Fimbo ikiugonga mpira mara mbili katika pigo moja bila kukusudia, unahesabu mkwaju mmoja. Majani na vijiwe ndani ya banka, lile shimo la mchanga, unaruhusiwa kuviondoa. Kama kuna anayewashurutisha kutoa bendera kila mara, mwambieni kwa heshima kwamba anawafundisha kitabu cha zamani.

Mchezaji wa burudani hahitaji kulala na kitabu. Anahitaji misingi miwili: cheza uwanja kama ulivyoukuta, na cheza mpira pale ulipolala. Ukishindwa kuufuata msingi huo wa pili, jiulize: kinachonizuia kimetengenezwa na binadamu, au ni cha asili? Kwa sehemu kubwa, kilichotengenezwa na binadamu, kama barabara ya zege au koki ya bomba, kinakupa nafuu ya bure, yaani ruhusa ya kuuhamisha mpira bila adhabu. Cha asili, kama mti au mwamba, unakilipia mkwaju mmoja. Vya asili vinavyotoa nafuu ya bure ni vichache, kama maji ya mvua yaliyotuama kwa muda, shimo lililochimbwa na mnyama, na ardhi ambayo kamati imeitenga ili itengenezwe.

Halafu shikeni kipimo hiki, maana kinamaliza ubishi mwingi: nafuu ya bure hupimwa kwa urefu wa fimbo moja, nafuu ya kulipia upande wa pembeni hupimwa kwa urefu wa fimbo mbili. Katika zote mbili husogei karibu na shimo hata kidogo.

Sasa ile nusu ya haki ya mwenzenu. Ipo kanuni moja ambayo kwa mtu wa kawaida ni kero hasa, na barua inayofuata imeigusa penyewe.

Nikipiga mpira ukapotelea vichakani, lazima kweli nirudi hadi nilikopigia? Jua la saa nane linawaka na kundi la nyuma linasubiri. — Mwalimu, Kondoa

Kwa kanuni ya kawaida, ndiyo. Una dakika 3 za kutafuta, zinazohesabiwa tangu wewe au kedi wako, yaani mbeba fimbo, mlipoanza kutafuta, si tangu mpira ulipoanguka. Zikiisha, mpira umepotea hata kama utaonekana sekunde ya pili yake. Unarudi ulikopigia mwisho na kuongeza mkwaju mmoja. Kama ulikuwa umepiga kutoka kwenye tii, yaani mahali pa kuanzia shimo, huo ni wa kwanza, adhabu ni wa pili, na pigo lako linalofuata ni la tatu. Mpira uliotoka nje ya mpaka, yaani ng'ambo ya vigingi vyeupe, hesabu yake ni hiyohiyo.

Kumrudisha mtu mita 180 ili apige tena, huku watu wanne wakimtazama, ni kumharibia siku. Hapo tunakubaliana nawe kabisa. Ila dawa zipo mbili, na wengi hawazitumii.

Ya kwanza ni mpira wa muda. Ukiona pigo lako limeelekea vichakani au mpakani, piga mwingine palepale kabla ya kwenda kutafuta. Sharti ni kutamka waziwazi: "Napiga mpira wa muda." Ukisema tu "ngoja nipige mwingine", umekwisha. Mpira huo wa pili unakuwa ndio wa mchezo na ule wa kwanza umeupoteza, hata ukiukuta umelala katikati ya nyasi. Ukishatamka vizuri, mambo ni mepesi. Ukiupata wa kwanza ndani ya dakika 3 na uko ndani ya mpaka, unalazimika kuendelea nao na wa muda unauokota. Usipoupata, unaendelea na ule wa muda bila kutembea kurudi.

Ya pili ni kanuni ya uwanja ambayo kamati ya klabu inaweza kuiweka kwa ajili ya michezo ya kawaida, na kwenye kitabu inaitwa E-5. Kadirieni mahali mpira ulipopotea au ulipovukia mpaka. Kisha tafuta ukingo wa feawei, ule ukanda wa nyasi zilizokatwa kutoka tii kuelekea grini, ulio karibu na hapo, usiokaribia shimo zaidi. Unaweza kudondosha mpira popote kati ya sehemu hizo mbili, na upande wa feawei unaruhusiwa kuingia hadi urefu wa fimbo mbili. Unaongeza mikwaju miwili, kwa hiyo baada ya pigo la tii pigo lako linalofuata ni la nne. Kwa nini miwili na si mmoja? Kwa sababu mmoja ni wa adhabu, na wa pili unafidia lile pigo ambalo ungelipiga baada ya kurudi. Angalia nyuma ya kadi ya uwanja kama kanuni hiyo imewekwa, na kumbuka kwamba ukishapiga mpira wa muda huwezi tena kuikimbilia.

Mpira wangu ulinasa kwenye mgunga, juu kidogo ya kichwa changu, na alama yangu naiona. Nikautikisa mti, ukaanguka. Wenzangu wakanipa adhabu ya mkwaju mmoja, kisha wakasema nadaiwa kuurudisha juu! Na je, miiba yetu ya Dodoma haina nafuu? — Msomaji, Nkuhungu

Wenzako walikuwa sahihi, hata kwa hilo la kuurudisha juu. Ulisogeza mpira ulio mchezoni, adhabu yake ni mkwaju mmoja na mpira kurudishwa ulipokuwa. Kosa lako lilikuwa la mpangilio tu. Ungetangulia kusema, "Mpira huu hauchezeki," halafu ukautikisa mti, ungelipa mkwaju mmoja tu wa mpira usiochezeka na usingedaiwa kingine.

Uamuzi kwamba mpira hauchezeki ni wako peke yako. Hakuna anayeweza kukubishia, na unaruhusiwa kuuamua popote isipokuwa ndani ya eneo la adhabu, yaani maji, korongo au sehemu yenye vigingi vyekundu au vya njano. Kwa mkwaju mmoja unachagua mojawapo: kurudi ulikopigia mwisho, kurudi nyuma kwenye mstari unaotoka shimoni kupitia mpira ulipo, umbali wowote utakao, au kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili pembeni. Mpira ukiwa mtini, fimbo zako mbili unazipima kuanzia ardhini, chini yake wima. Dreva ya kawaida, fimbo ya kupigia mbali, ina urefu wa sentimita 114 hivi, kwa hiyo unapata kama mita 2.3. Mgunga mpana unaweza usikuachie uwazi kwa kipimo hicho, na mara nyingi mstari wa kurudi nyuma ndio unaokutoa. Uangalie kabla hujauokota mpira.

Miiba haina nafuu ya bure. Kanuni inatenganisha waziwazi mmea na mnyama. Nyoka mwenye sumu, nyuki wanaouma au siafu karibu na mpira wako wanakupa nafuu ya bure ya urefu wa fimbo moja kutoka sehemu ya karibu isiyo na hatari. Miiba na upupu, hapana. Na mpira ukiwa umenasa ndani ya kichaka ambamo usingeweza kuupiga hata nyuki wasingekuwapo, hao nyuki hawakusaidii chochote.

Neno moja kuhusu uzio wa minyaa, ambao huku kwetu uko kila mahali. Usiingize kichwa humo kutafuta mpira. Utomvu wake ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na mpira mmoja haustahili gharama hiyo. Hesabu kuwa umepotea, endelea.

Jamani, kudondosha mpira ni kwa bega au kwa goti? Na kiangazi hiki ardhi imekuwa kama sakafu, mpira unadunda unakimbia. — Fundi umeme, Manyoni

Ni goti. Bega lilikwisha 2018. Tuchukue mfano mmoja tuutembelee wote, maana hapa ndipo mikwaju ya bure inapopotea.

Mpira wako umesimama katikati ya njia ya zege yenye upana wa mita 2. Usiuokote bado. Kwanza tafuta sehemu ya karibu zaidi ambapo mpira, miguu yako na mzunguko wa fimbo vyote vinakuwa huru na zege. Anayepiga kwa mkono wa kulia, akitazama shimo, husimama kushoto kwa mpira. Akiutolea mpira upande wa kushoto wa njia, unatosha kuvuka ukingo kidogo tu kwa kuwa miguu yake itakuwa mbali zaidi na zege. Akiutolea kulia, miguu itabaki juu ya zege mpaka asogee karibu hatua nzima zaidi. Ndiyo maana kwa watu wengi nafuu huangukia kushoto. Na kama kushoto ni kichaka? Bado ni kushoto. Kanuni imesema pa karibu, haikusema pazuri. Ndiyo sababu tumekwambia usiuokote upesi: nafuu hii ni hiari yako, na wakati mwingine kupiga juu ya zege kuna unafuu zaidi kuliko kuingia miibani.

Ukishaamua, chomeka kijiti cha tii kwenye ile sehemu ya karibu. Laza fimbo yako ndefu kuliko zote isiyokuwa pata, ile ya kusukumia mpira kwenye grini, kisha chomeka kijiti cha pili inapoishia. Eneo la nafuu ni kipande hicho kisichokaribia shimo. Sasa simama wima, ushike mpira usawa wa goti lako, uuachie udondoke wenyewe. Usiusukume, usiuzungushe, usiuache ukuguse mguu kabla ya kufika chini. Ukitulia ndani ya eneo, piga. Ukibingirika nje, dondosha mara ya pili. Ukitoka tena, hakuna mara ya tatu: unauweka kwa mkono pale ulipogusa ardhi kwa mara ya kwanza katika dondosho la pili. Kwa hiyo kwenye ardhi yetu ya kiangazi, jicho lako lisifuate mpira unakokimbilia. Likazie pale unapogusa.

Ukisahau na kudondosha kwa bega, dondosha upya kwa goti kabla hujapiga. Dondosho la makosa halihesabiwi kati ya yale mawili wala halina adhabu. Ukishapiga ndipo kosa linakuwa la kudumu.

Tahadhari kwa wa kwetu: njia ya miguu ya vumbi, iliyotokea tu kwa watu kupita, si kitu kilichotengenezwa, na haina nafuu. Iliyomwagwa kokoto au zege ndiyo yenye nafuu.

Korongo kavu ni eneo la adhabu? Halijaona maji tangu Mei. — K., Kongwa

Ndiyo. Mkondo wa maji ulio wazi ni eneo la adhabu hata ukiwa mkavu kabisa, na hata kama hakuna aliyechomeka vigingi. Usipowekewa rangi unachukuliwa kuwa mwekundu.

Lakini msiliogope jina. Ndani ya eneo la adhabu unaruhusiwa kuupiga mpira bila kulipa chochote, kugusisha fimbo ardhini, kufanya mapigo ya majaribio na kuondoa majani makavu. Korongo letu la mchanga wa kiangazi mara nyingi ni rahisi kulichezea kuliko banka. Usipotaka, kwa mkwaju mmoja unarudi ulikopigia, au unarudi nyuma kwenye mstari, au, kwa jekundu tu, unadondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka mpira ulipovukia ukingo mara ya mwisho. Hapo ulipovukia, si ulipoishia. Vigingi vya njano havina hiyo nafuu ya fimbo mbili, tofauti ni hiyo tu.

Vigingi vyekundu na vya njano vikikuzuia unaruhusiwa kuving'oa na kuvirudisha. Vyeupe vya mpaka, usiviguse.

Kijana anayechunga mbuzi aliuokota mpira wangu akidhani umetupwa. Nifanyeje? Na kwato zao je? — Msomaji, Singida

Huna adhabu. Rudisha mpira, au mwingine kama amekwenda nao, pale unapokadiria ulikuwa umetulia. Hata kunguru au mbwa akiuchukua hesabu ni hiyohiyo. Sharti ni uwe na uhakika, au karibu na uhakika, kwamba umechukuliwa. Kama ni dhana tu, umepotea.

Kinyesi cha mbuzi unakiondoa bila adhabu, lakini nje ya grini mpira ukisogea kwa sababu yako wakati unakiondoa, ni mkwaju mmoja na unaurudisha. Alama za kwato kwenye grini unaruhusiwa kuzisawazisha. Kwingineko hakuna nafuu mpaka kamati iweke kanuni ya uwanja, na kwenye viwanja vinavyopitiwa na mifugo tunaona kamati inawajibika kuiweka. Nyufa kubwa za udongo mweusi nazo ni hivyohivyo: zipigiwe mstari na kamati, zihesabiwe kuwa ardhi ya matengenezo, na mchezaji apate nafuu ya bure.

Upepo wa Dodoma mwaujua. Niliweka mpira kwenye grini, nikaondoa alama, upepo ukausukuma mita nzima karibu na shimo. Niliucheza hapo. Nilikosea? — Dereva, Ipagala

Ulikosea, ingawa kosa hili ni la wengi. Swali la kujiuliza ni: je, mpira huu ulikuwa umeshaokotwa na kurudishwa kwenye grini hii? Kama ndiyo, umeshapata makazi yake. Upepo ukiusogeza kokote, unaurudisha bila adhabu. Kama hujawahi kuuokota tangu ufike kwenye grini, upepo ni sehemu ya mchezo na unaucheza ulipoishia, uwe umekaribia shimo au umeteremka. Kwa kuwa wewe ulikuwa umeuweka, ulicheza kutoka mahali pasipo pake, mikwaju miwili.

Kiangazi nyasi hakuna, ni udongo mtupu. Tumekubaliana kila mtu ausogeze mpira kidogo kwa fimbo. Ni dhambi? — Kikundi cha marafiki, Kisasa

Mkiwa mnacheza wenyewe, kadi haziendi popote, hamjamdhulumu mtu. Ila msizipeleke alama hizo klabuni zihesabiwe kwenye handikapu, yaani kipimo cha uwezo kinachompa mchezaji mikwaju ya bure, na msifanye hivyo kwenye mashindano. Huko, kusogeza mpira makusudi na kuupiga pale ulipousogeza ni mikwaju miwili, na wachezaji kukubaliana kupuuza kanuni wanayoijua kunawafukuza mashindanoni.

Njia halali ipo. Kamati inaweza kuweka kanuni ya uwanja, E-3, inayoruhusu kuokota mpira ulio kwenye nyasi zilizokatwa kimo cha feawei au chini zaidi, kuusafisha na kuuweka tena ndani ya kipimo ilichotaja, mara moja tu, kwa mkono. Kamati yenyewe ndiyo hutaja kipimo, kwa mfano sentimita 15 au urefu wa fimbo moja, na husogei karibu na shimo. Ombeni iwekwe kwa kipindi cha kiangazi. Ni ombi la haki kabisa kwa mikoa yetu.

Wanangu, nimestaafu, nina miaka 61, nacheza na wajukuu wangu. Shimo moja naweza kupiga mara kumi na moja na watu wote wananisubiri. Natamani kuacha. — Bibi, Area C

Shikamoo, bibi. Usiache. Badilisha namna ya kuhesabu tu, na namna hiyo ni halali kabisa. Inaitwa Stableford, kwa jina la daktari Mwingereza, Frank Stableford. Ilitumika kwa mara ya kwanza katika mashindano mwaka 1932 klabuni Wallasey, Uingereza. Badala ya kujumlisha mikwaju yote, unakusanya pointi kila shimo. Kila shimo lina kiwango chake, wachezaji hukiita "pa". Ukikifikia unapata pointi 2, ukizidisha mkwaju mmoja unapata 1, ukizidisha miwili au zaidi unapata 0. Ukipunguza mmoja unapata 3, miwili 4.

Sasa ingiza handikapu. Tuseme handikapu yako ya uwanjani ni 54, maana yake unapewa mikwaju 3 ya bure kila shimo kati ya 18. Kwenye shimo la kiwango cha 4, ukipiga 7 tunatoa 3, zinabaki 4: pointi 2, sawasawa na bingwa aliyepiga 4 bila msaada. Ukipiga 8 unapata 1. Ukipiga 9 hupati kitu. Kwa hiyo mpira ukiwa haujaingia baada ya mkwaju wa nane, okota, weka mfukoni, tembea na wajukuu kwenye shimo linalofuata. Hujavunja kanuni yoyote, na hakuna wa kukusubiri.

Handikapu unaipata kwa kuwasilisha kadi za jumla ya mashimo 54, iwe ni raundi za 9 au za 18, zilizothibitishwa na uliyecheza naye. Kikomo cha juu cha dunia nzima ni 54.0, kwa hiyo hakuna anayeanza akaambiwa ni dhaifu mno.

Ukikosa mpira kabisa, fimbo ikapita hewani, hesabu mkwaju, maana ulikusudia kupiga. Lakini ukiugusa kwa pigo la majaribio ukaanguka kutoka kwenye kijiti cha tii kabla hujaanza shimo, si mkwaju wala adhabu. Urudishe kwenye kijiti.

Nimeambiwa nisipokuwa na fimbo 14 siruhusiwi kucheza. Bei sitaiweza. — Mwanafunzi, Dodoma

Umedanganywa. Kumi na nne ni kikomo cha juu, hakuna kima cha chini. Anza na saba za mitumba: ya mbao namba 5, za chuma namba 5, 7 na 9, moja ya kupandishia mpira kwa mbali, moja ya mchanga, na pata. Nunua pia kalamu ya wino usiofutika uweke nukta mbili kwenye mpira wako, kwa sababu mipira ya aina moja inafanana, na kupiga mpira wa mwenzako kunakugharimu mikwaju miwili kabla hujaurudia wa kwako.